Mto, Moto na Kokwa la Chikichi

Katika madarasa ya kwanza ya shule, kabla mtoto hajajua kuandika barua, mwalimu humfundisha kupanga vitu vyote vya dunia katika mafungu mawili: vyenye uzima na visivyo na uzima. Somo hili huhesabiwa kuwa jepesi. Ubaoni huandikwa ishara za uzima: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuzaa, kufa. Kisha watoto humtaja kuku upande huu na jiwe upande ule, na kengele hulia. Lakini huko Kisangani, mji uliojengwa kando ya mto Kongo mahali yanapokoma maporomoko ya Boyoma, somo hilo halimaliziki upesi namna hiyo. Mtoto huinua macho, huyaona maji mapana yakipita, husikia yanavyonguruma miambani kwa Wagenya usiku na mchana, naye huuliza: Na mto, je? Mto hujongea. Mto huvimba majira ya mvua na kupungua majira ya ukavu. Mto hubeba watu, na mara nyingine huwameza. Kwa nini usiwekwe pamoja na kuku?

Mwalimu asiye na kitu ila kitabu chake atajibu: Mto hauna uzima, andikeni. Jibu hilo ni kweli, lakini mtoto hakupewa ile kweli, amepewa amri. Na katekista ajaye baadaye, akitaka kumweleza mtoto yule yule habari za Uumbaji, za roho, na za uzima wa milele, atajenga juu ya msingi ambao haukuchimbwa. Atalitamka neno uzima mara ishirini kwa saa moja, na mtoto atafikiri juu ya kitu kijongeacho.

Kosa la mtoto lina mpango wake. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alichapisha mwaka 1926 kitabu juu ya namna watoto wanavyouwaza ulimwengu. Aliona ya kuwa mtoto mdogo kwanza hukipa uzima kila kitu chenye kazi. Halafu kila kijongeacho. Halafu kila kijongeacho bila kusukumwa na mtu, kama jua, upepo na mto. Mwisho ndipo huwaachia uzima wanyama na mimea peke yao. Watoto aliowauliza walikuwa wa Ulaya, si wa kando ya Kongo. Yafaa walikumbuke jambo hilo wale wadhanio ya kuwa kuupa mto uzima ni ujinga wa watu wa msituni tu.

Lugha yenyewe nayo haimsaidii sana mtoto. Kiswahili humpa kila mnyama heshima ya kiumbe chenye uzima: kiboko analala, samaki anaogelea, nyuki ameuma, ingawa majina hayo hayana umbo moja. Lakini mti hauhesabiwi pamoja nao. Mti umeota, mto umefurika, moto umewaka, mwamba umepasuka: vyote vinne huvaa vazi moja. Tena Kiswahili cha mjini Kisangani huulegeza upatanisho huo, na wengi wa wenyeji hunena Kilingala pia. Zaidi ya hayo, watu husema saa imekufa, betri imekufa; na watu wa pwani huita maji mafu yale ya bahari yasiyojaa wala kutoka kwa nguvu. Basi mtoto asemaye mto una uzima hakulizua jambo hilo kichwani mwake tu. Amelisikia kwa wakubwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuona haya kulijadili swali hili hili la mtoto. Katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae anauliza kama kuishi ni kwa vitu vyote vya asili, na miongoni mwa hoja za kupinga anayataja maji yaitwayo hai. Jibu lake ni fupi. Maji yatokayo katika chemchemi isiyokoma huitwa hai kwa mfano tu, kwa sababu yaonekana kana kwamba yanajiendesha, na yale yaliyotuama mbali na chemchemi huitwa mafu. Lakini kwa hakika mwendo wa maji hautoki kwake yenyewe, bali hutoka kwa sababu nyingine. Uzima, kadiri ya fundisho alilolipokea kwa Aristoteli na kulitengeneza, ni uwezo wa kiumbe kujiendesha kutoka ndani. Wala neno kujiendesha halina maana ya kutembea tu. Kukua ni kujiendesha. Kuhisi ni kujiendesha. Kufahamu na kupenda ni kujiendesha kulio bora zaidi.

Mtoto wa Kisangani aweza kuliona fundisho hili kwa macho. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametapakaa katika mwendo wa kilometa zaidi ya 100, na toka la kwanza mpaka la mwisho mto hushuka karibu meta 60. Maji hushuka kwa sababu nchi imeshuka. Uondoe mteremko, na mto utalala kama ziwa; hautautafuta mteremko mwingine, wala hautaona njaa ya kwenda baharini. Wagenya wanaijua sheria hiyo kuliko wanavyoijua wengi walioisoma vitabuni. Husimamisha majukwaa ya miti minene kati ya miamba, katika mkondo wenyewe, huifunga humo migono mikubwa yenye umbo la pia, na nguvu ya mto huwaingiza samaki waliozidiwa. Samaki mzima hupigana na maji: hupanda, hukata kushoto, hujibanza nyuma ya jiwe, hupanda tena. Samaki mfu huenda liendako povu, na jani kavu huenda naye. Mwalimu akiwachukua wanafunzi ukingoni na kuwaagiza watazame ni kitu gani kinachokwenda kinyume cha maji, na kwa faida ya nani, atakuwa amefundisha katika nusu saa jambo lisilofundishika ubaoni kwa juma zima.

Hiyo faida ni ya nani? Swali hilo lisiachwe, maana litahitajika mara moja, mtoto mwenye akili atakapoitaja pikipiki. Baiskeli za kuchukua abiria, ziitwazo toleka huko Kisangani, hazisumbui mtu. Kila mtoto aona ya kuwa miguu ya mwendeshaji ndiyo ifanyayo kazi. Lakini pikipiki hunywa mafuta, huvuta hewa, hutoa moshi, hupata joto, hulia, hupanda kilima bila kusukumwa. Mwalimu asiseme kwa haraka ya kuwa haijiendeshi, kwa sababu watoto watacheka. Aseme hivi: mbuzi hula majani, na majani hugeuka kuwa mbuzi, yanakuwa nyama, maziwa, pembe na mtoto tumboni. Pikipiki hunywa mafuta, na mafuta hayageuki kuwa pikipiki hata kidogo. Mbwa akijikwaruza, jeraha lake hujifunga lenyewe. Tairi likitoboka, laweza kukaa miaka kumi likingoja fundi. Kila sehemu ya mbuzi yafanya kazi kwa ajili ya mbuzi. Kila sehemu ya pikipiki yafanya kazi kwa ajili ya yule aliyeketi juu yake. Ndivyo ilivyo na mitambo ya umeme ya bwawa la Tshopo, iliyojengwa katika miaka ya 1950: maji huizungusha, taa za mjini huwaka, na mitambo yenyewe haipati kitu.

Moto ni mgumu kuliko pikipiki. Chukua zile ishara sita za ubaoni, uupime moto kwa hizo. Moto hula kuni. Moto huvuta hewa, na ukifunikwa hufa. Moto hukua, hujongea kutoka shamba hata shamba, huzaa moto mwingine usiopungukiwa na kitu, na mwisho hufa. Zote sita! Mwanafunzi aliyeikariri orodha na kuiamini hana budi kusema ya kuwa moto una uzima kuliko mti. Pasipo kuuliza juu ya ndani, hakuna njia ya kumtoa hapo. Ndani ya moto hamna mpango wa viungo, hamna kimoja kinachomtumikia mwenzake, hamna kitu kinachodumu huku chakula kikiingia na kutoka. Mbuzi wa leo ndiye mbuzi wa mwaka jana, ingawa amekula majani mengine. Mwali wa moto wa sasa si ule uliowaka punde, umeufuata tu.

(Wataalamu wenyewe wana mahali wanapositasita. Virusi vya Ebola, vilivyotambuliwa mwaka 1976 kwenye misioni ya Yambuku, kaskazini-magharibi ya Kisangani, havili wala havikui. Nje ya mwili wa kiumbe vimetulia kama vumbi, na ndani yake huizaa jamii yao kwa kutumia kazi ya mwili huo. Mwalimu akiulizwa habari zake, aseme wazi ya kuwa mpaka una mahali penye ukungu. Ukungu juu ya mto hauzifanyi ng'ambo mbili kuwa moja.)

Kama moto una ishara zote wala hauna uzima, kuna kitu kingine ambacho hakina ishara hata moja, nacho ki hai. Mwalimu na aweke mezani kokoto moja na kokwa moja la chikichi. Vyote viwili ni vigumu, vyeusi, vikavu. Vyote viwili havili, havikui, havijongei. Mtoto akivipiga kwa kidole husikia mlio ule ule. Kokwa la chikichi hulala miezi mingi. Wakulima wa mashamba makubwa huliamsha kwa kuliweka katika joto kavu, karibu digrii 40, kwa majuma mengi, ndipo huliloweka na kulingojea lichipue. Kokoto likiwekwa katika joto lile lile kwa majuma yale yale litapata moto tu.

Hapo karibu na Kisangani, mwendo wa kilometa 100 hivi kuelekea magharibi kwa kuufuata mto, kipo Yangambi, kituo cha uchunguzi wa kilimo kilichoanzishwa katika miaka ya 1930. Huko ndiko Beirnaert na Vanderweyen walikoitafuta sababu ya michikichi mingine kuzaa kokwa zenye ganda nene, na mingine ganda jembamba, na mingine pasipo ganda. Mwaka 1941 matokeo ya kazi yao yalichapishwa: ile yenye ganda jembamba, iletayo mawese mengi, ni uzao wa ile ya ganda nene na ile isiyo na ganda. Tangu hapo mashamba ya michikichi ya dunia nzima yamefaidika na jambo hilo. Mwalimu aweza kulitumia kwa kusudi jingine. Kokwa lile kavu lililoko mezani limebeba ndani yake urithi wa mti wa baba na mti wa mama, na jinsi litakavyozaa imekwisha kuandikwa humo, ingawa jicho halioni kitu. Kokoto halina baba wala mama.

Basi, ishara ni mashahidi wa uzima; si uzima wenyewe. Shahidi aweza kunyamaza, na shahidi aweza kudanganya. Jambo hili si la kuwachezesha watoto darasani tu. Aliyefundishwa ya kuwa uzima ndiyo ile orodha ya ubaoni, siku moja atasimama kando ya kitanda cha mgonjwa aliyezimia majuma mengi, asiyejilisha, asiyejongea, asiyemtambua mkewe, na ile orodha itamnong'oneza neno la kutisha. Itamnong'oneza pia mbele ya mimba changa. Tomaso, kwa elimu ya mwili iliyokuwako zama zake, alidhani ya kuwa roho yenye akili huja baadaye tumboni. Kanisa, hata lilipowaacha wanafalsafa wabishane juu ya saa, halikuruhusu wakati wowote mimba iharibiwe. Lilimheshimu aliyefichika kwa sababu ya vile alivyo, bila kungoja aonyeshe ishara.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la neno. Tomaso huuita uzima wa mti anima, na wa mbwa anima, na wa mtu anima, akitofautisha kila moja kwa cheo chake. Katekista aliyesoma seminari kidogo huona fahari kuutafsiri usemi huo na kuwaambia watoto ya kuwa mti una roho. Asifanye hivyo. Katika masikio ya watoto wa nchi ya misitu, roho ya mti si kanuni ya kukua na kuzaa. Ni mtu asiyeonekana aliyekaa mtini, atakaye kuku au mayai kabla mti haujakatwa. Tangu Padre Gabriel Grison alipofika kwenye maporomoko mwaka 1897 na kuanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, makatekista wamekutana na hirizi na miti ya mizimu kila mahali, na wazee wao walifanya vema kulilinda neno roho kwa ajili ya mtu, malaika na Mungu. Mti una uzima. Wapewe watoto neno hilo. Uzima wa mti hutoka katika mti wenyewe wala haubaki ukizurura mti ukianguka.

Wakiisha kuiondoa roho mtini, wengine huondoa kila kitu. Huuona mti kuwa mbao zilizochelewa kukatwa. Afromosia, mti wa thamani uotao katika misitu ya Tshopo, umetafutwa hata ikalazimu mataifa kuuweka tangu mwaka 1992 katika mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya utunzaji wa dunia, alilitaja bonde la Kongo pamoja na lile la Amazonia, naye alifundisha ya kuwa viumbe vina thamani yao mbele ya Mungu hata kabla ya kuhesabiwa faida yao kwa mtu. Mtoto aliyeambiwa tu ya kuwa mti hauna roho amepewa nusu ya somo, na kwa nusu hiyo aweza kulichoma moto pori zima na kulala usingizi.

Nayo nusu ile nyingine, ya kumwona mtu kuwa kitu, Kisangani imeionja. Kuanzia tarehe 5 hata tarehe 10 Juni mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana humo mjini kwa mizinga. Umoja wa Mataifa ulikadiria ya kuwa raia zaidi ya 760 waliuawa, na wengine 1,700 hivi walijeruhiwa. Kombora huruka mbio kuliko ndege yeyote, nalo halijui liendako. Waliolirusha walijua. Mwezi Februari mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa iliyoko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa ajili ya madhara ya vita vyake nchini humo, pamoja na yale ya Kisangani. Nayo iliyagawa malipo katika mafungu: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, milioni 60 kwa utajiri wa asili. Kwa kugawa hivyo majaji waliikataa hesabu inayomchanganya mtu na nyumba yake. Hata hivyo mwanafunzi makini ataona ya kuwa katika fungu la tatu wanyama wa porini wamewekwa pamoja na dhahabu na almasi, na atauliza kama hapo ndipo mahali pao. Aachwe aulize. Sheria za mataifa bado hazina fungu lililo zuri zaidi.

Saa ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mtoto aliyefundishwa vizuri habari za uzima atauliza swali ambalo aliyefundishwa vibaya hataliuliza kamwe: Hostia ina uzima? Haili, haipumui, haikui, haijongei. Ubao wote unasema hapana. Imani inasema ya kuwa yumo Kristo mzima, Mungu na mtu, mwili na damu na roho, aliye hai wala hafi tena. Ndivyo Mtaguso wa Trento ulivyofundisha mwaka 1551. Mtoto akikumbuka ya kuwa ishara si uzima wenyewe, hatakwazika kwa kutoona kitu. Lakini hapa katekista ana jaribu lake, nalo ni kulitoa kokwa la chikichi mfukoni na kusema: Tazameni, ni kama hili. Si kama hilo. Uzima wa kokwa umefichwa kwa muda na kwa maumbile. Lipe joto na maji, nalo litautoa nje mbele ya macho ya kila mtu, aaminiye na asiyeamini. Hostia haitachipua. Uzima uliomo haujulikani kwa kungoja wala kwa kupasua, bali kwa neno la yule aliyesema kule Kafarnaumu ya kuwa yeye ni mkate wenye uzima, na wengi wa wanafunzi wake wakaenda zao siku ile. Kueleza tofauti hiyo kwahitaji utulivu na muda. Katekista asiyekuwa nao, heri aliache kokwa nyumbani siku hiyo.